Ubao Wenye Safu Moja

Tumemzika Rama Alhamisi pale Bofu, Likoni, na tangu siku hiyo wanangu wananiuliza, "Baba, waumwa?" Siumwi. Nimekasirika. Mtu wa umri wangu akifiwa na rafiki hutarajiwa alie kidogo, aseme alhamdulillahi tulijaliwa kuzeeka pamoja, kisha akae jamvini apokee pole za watu. Nami nimekaa kwenye jamvi hilo siku tatu, nikiwasikia vijana wakihadithiana namna marehemu alivyopofuka. Mmoja asema ni bomu la vita lililosahauliwa, mwengine asema ni jini la pangoni, na kila hadithi yaishia pale pale: mzee alikuwa mzembe siku ile. Mzembe! Rama! Mtu aliyekuwa akikagua kamba ya ndoo mara mbili kabla hajateka maji! Nilitaka niinuke niwafokee wote, lakini ningewaambia nini, na miaka yote hiyo nimenyamaza? Nikala pilau yao nikarudi nyumbani, na hiyo pilau mpaka leo haijashuka.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule uliofuata kumalizika kwa vita vikuu vya pili. Nilikuwa karani wa stoo ya baruti kwenye machimbo ya mawe nyuma ya Bofu, mawe yaliyokuwa yakivunjwa kwa ajili ya barabara. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na Kiingereza cha kutosha kunifanya nijione. Kwetu ni Jomvu Kuu, na hakuna miguu itakayostahimili kutoka Jomvu mpaka Likoni kila alfajiri, kwa hivyo Rama akanipa chumba cha uani nyumbani kwake. Kuta za udongo, paa la makuti, kitanda cha kamba kilicholegea katikati hata ukilala unakutana na magoti yako mwenyewe. Ukuta uliotenganisha chumba changu na chao haukufika juu, na kwenye upenyo ule ndimo yalimopita maneno yote ya Rama na mkewe, Mwanasha, nami sikuwa na pamba za kuziba masikio. Mwanasha alikuwa akipika muhogo wa nazi ambao sijapata kuuonja tena popote, na akiniletea sahani yangu husema, "Karani, kula unenepe, mamako asije akasema twakutesa." Rama ndiye aliyekuwa fundi wa baruti. Yeye ndiye aliyejaza matundu yaliyotobolewa mwambani, akawasha utambi, akapiga ukelele watu wakimbie. Alikuwa mrefu, mcheshi, wa miaka thelathini na kitu, na vidole vyake kumi vyote vilikuwa mahali pake, jambo ambalo kwenye kazi ile lilikuwa cheti tosha.

Stoo ilikuwa na baruti za aina tatu. Kulikuwa na tuliyoiita mishumaa, kwa kuwa ilikuja imefungwa kwenye karatasi mfano wa mishumaa minene. Kulikuwa na sabuni, vipande vya manjano vilivyobaki jeshini vita vilipokwisha, wakubwa wakaona ni hasara kuvitupa. Na kulikuwa na unga mweusi ndani ya mapipa madogo ya mbao, baruti ile ile ya zamani ambayo watu wa huku waliijua tangu mababu. Kwa kuwa vitu vilikuwa vimechanganyika na vyengine vimezeeka, aliletwa mzungu mmoja aliyekuwa sajini jeshini kuja kuvipima, nami nikapewa kazi ya kumwandikia. Nitasema kweli, wiki zile tatu nilizipenda. Kila aina aliipima mara mbili. Kwanza alipima nguvu: chembe ililipuliwa ndani ya tundu kwenye bonge la madini ya risasi, kisha akamimina maji kwenye tundu lililotanuka aone linameza kiasi gani. Pili alipima wepesi wa kulipuka: chembe nyengine iliwekwa juu ya fuawe, akaiangushia chuma kutoka chini, kisha juu kidogo, kisha juu zaidi, mpaka ishtuke. Halafu akaijaribu kwa cheche. Mimi nikiandika safu mbili daftarini, na siku ya tatu nikaona jambo lililonifanya niache kalamu. Safu zile hazikufuatana. Sabuni iliyoogopwa na kila mtu kwa sababu ya jeshi ilikuwa na nguvu kubwa, lakini ilipigwa na kupigwa ikalala kama mtoto aliyeshiba. Mishumaa ilishinda zote kwa nguvu, na kwa wepesi ikawa katikati. Na unga mweusi, mnyonge wa mwisho kwenye safu ya nguvu, kwa cheche ulikuwa wa kwanza, haukungoja hata kuombwa.

Yule sajini alikijua Kiswahili cha bara, cha amri za kambini. Siku ya mwisho aliwakusanya wafanyakazi akawaambia, "Nguvu iko yake, kuamka iko yake. Hii unga nguvu kidogo, lakini moto kidogo tu, naamka haraka sana. Hapana changanya." Maneno ya hekima, wallahi, sijapata kusikia mtu akilieleza jambo lile kwa ufupi zaidi. Lakini watu wa Likoni na Kiswahili chao! Waliinamisha vichwa wasionekane wakicheka, na tulipofika nyumbani Rama akasema, "Hebu tuigie, karani, 'naamka haraka sana'." Nami nikasimama mbele ya sinia la muhogo, nikatoa tumbo, nikamwiga mzee wa watu mpaka Mwanasha akajifunika uso kwa kanga. Kuanzia siku ile ikawa ndiyo maskhara ya machimboni. Mtu akichelewa kazini huulizwa, "Vipi wewe, hukunaamka haraka sana?" Nilijiona hodari wa kuchekesha. Leo nikikumbuka natamani mtu angenipiga kofi.

Msimamizi wetu alikuwa mzungu tuliyempa jina la Bwana Kipara, na sina haja ya kumpa jengine. Sajini alipoondoka nilimpelekea daftari, nikamwomba tuandike ubao mlangoni mwa stoo wenye safu mbili, nguvu na wepesi. Akalitazama daftari kwa muda wa mtu anayetafuta miwani. Akasema watu wale hawajui kusoma, tarakimu zawatosha. Ukiwapa orodha mbili watachanganyikiwa, wape moja. Nikamwambia hiyo moja itawachanganya zaidi, kwa sababu mtu akiona unga uko wa mwisho atadhani ni salama. "Wewe umeajiriwa kuandika," akasema, "haya, andika." Nikaandika. Mkono huu. Rangi nyeupe juu ya ubao mweusi: moja, mshumaa, mbili, sabuni, tatu, unga, na kando ya kila tarakimu nikachora picha yake, nikachora vizuri hasa, kwa ufundi, maana hata nikiwa na hasira sipendi kazi mbovu. Wiki ya pili nikajipa ujasiri, nikaongeza safu ya wepesi kwa chaki. Bwana Kipara akaifuta kwa kitambaa chake cha jasho mbele ya watu, akaniambia nikirudia nirudi kwetu nikavue samaki. Sijui hata kuvua samaki.

Basi nikabaki na mdomo. Kila jioni tukinawa mikono niliwaanza. Nilimwambia Rama nguvu ni jambo moja na wepesi ni jengine, kwamba kuna mtu mwenye maguvu usiyeweza kumkasirisha na kuna kijitu kidogo kinachorusha ngumi ukikitazama tu. Rama akitafuna, akiitikia kwa kichwa. "Mwenye nguvu mpishe," akasema, "wazee walikwisha sema. Mshumaa naupisha. Sabuni naipisha. Lakini unga, yakhe? Unga huu ni wa harusi! Babangu akipiga gobori lake kila harusi ya Bofu, na mimi nikimshikia pembe ya baruti. Ukiumwagia moto wafanya puu, wakuchoma nyusi, basi." Nikamwambia puu ni ya konzi moja ya unga, pipa si konzi. Akacheka. "Karani, wewe Mjomvu wataka kunifunza baruti?" Na Mwanasha akatia chumvi, "Mwache mwenzio, amesoma, lazima aogope kitu." Nikaondoka nikaacha chakula, na huo muhogo nilivyoupenda! Usiku ule nikawasikia ukutani. Mwanasha alikuwa ameacha mzaha. "Lakini asemalo si la kweli?" akauliza. Rama akasema, "Labda ni kweli. Lakini karani akisema jambo mara moja nalisikia. Akilisema mara ishirini nasikia sauti tu." Nilivimba kwa maneno yale wiki nzima. Hata leo yananiuma, kwa sababu ni kweli, mimi ni mtu wa kurudiarudia, marehemu mke wangu naye aliniambia hivyo hivyo.

Kabla ya mfungo wa Ramadhani mawe ya upande wa zamani yakaisha, ikabidi tufungue uso mpya wa mwamba upande wa baharini. Sasa, watu wa pale hawafungui ardhi mpya hivi hivi. Lazima isomwe fatiha, uchomwe ubani, na zana zote zitakazofanya kazi zifukizwe: nyundo, mitaimbo, makarai, hata kamba, kila kimoja kipitiwe na moshi wa chetezo cha makaa ili mahali papokee watu kwa amani. Bwana Kipara aliwaruhusu kwa kuwa walipokatazwa siku za nyuma watu hawakuja kazini siku mbili. Asubuhi ile mimi na yeye tulikuwa tumeshagombana. Nilikuwa nimemwendea kwa mara ya mwisho kuhusu ubao, akanifokea mbele ya wapagazi, akaniita mwanamke mzee. Nikakaa stooni kwangu nikiwachukia wote, yeye kwa kiburi chake na wao kwa vicheko vyao. Nikasema moyoni, sikio la kufa halisikii dawa, na kama mtu atalipuka na alipuke, mimi nimekwisha sema. Nilisema hivyo. Sikumtaja mtu, lakini nilisema.

Ndipo Rama akaja mlangoni, amevaa kofia yake ya kufumwa ya Ijumaa, na furaha ya mtu anayeanza jambo jipya. Akaniamkia, nikajibu kwa pua. "Yakhe," akasema, "mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuja kutusomea ataka zana zote zifukizwe, hata baruti, maana nayo ni zana. Mishumaa nimekataa, nimeiweka mbali kule kivulini. Sabuni haikutoka stooni. Umebaki unga, na pipa tumelifungua, nusu tumeshaitumia. Nipitishe chetezo, ama vipi? Kuna neno?" Aliuliza. Naomba mtu yeyote anayesoma hapa aelewe: aliuliza. Pamoja na kicheko chake chote na gobori la babake, alitoka kule uso wa mwamba akatembea mpaka kwangu, akauliza swali lile lile nililokuwa nimemwomba aulize miezi mitatu. Kulijibu kulihitaji neno moja, usipitishe. Nami nilikuwa nimenuna. Nilikuwa nimenuna kama mtoto aliyenyimwa kitumbua. Nikamwambia, "Kaulize ubao. Si ndio mwalimu wenu?"

Hakukasirika. Akacheka kidogo, akageuka, akautazama ubao ule nilioupaka rangi mwenyewe, akaweka kidole kwenye tarakimu ya mwisho na picha ya pipa. "Tatu," akasema. "Ya mwisho. Haya, tushukuru." Akaenda zake. Nilimwona akishuka. Wallahi nilitaka kumwita. Nilifungua mdomo, kisha nikafikiria watakavyocheka, karani ametoka mbio na "naamka haraka sana" yake, nikaufunga. Nilikuwa nimeinama kutafuta ufunguo wa sanduku la tambi za baruti niliposikia, na haukuwa mlio mkubwa. Mshumaa mmoja ulikuwa ukifanya zaidi. Ulikuwa ni mvumo, puu moja pana, kisha watu wakaanza kumwita Mungu. Nilipofika kofia yake ilikuwa ikiwaka peke yake juu ya jiwe. Mwalimu na wale wengine walikuwa wamesimama mbali kidogo, wakaungua mikono na ndevu tu. Rama alikuwa ameinama juu ya pipa na chetezo mkononi, kwa kuwa alisema jambo la baruti afanye fundi wa baruti. Alikuwa amekaa chini, uso umekuwa mweusi wote, akiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani amezima jua?"

Kesho yake Bwana Kipara akaniletea amri niandike safu ya pili. Kesho yake! Miezi mitatu nimebembeleza, na kesho yake tu ikaja karatasi yenye sahihi, kwa sababu wakubwa walikuwa wakija kukagua. Nikachukua brashi, nikaandika wepesi, unga wa kwanza, na watu wakaja kusimama nyuma yangu, hakuna aliyecheka. Mmoja akasema, "Karani, kumbe ulikuwa ukisema kweli." Nilimtupia kopo la rangi. Mwanasha hakuniuliza kitu jioni ile. Alinipikia kama kawaida, akaniwekea sahani, akaondoka, nami nikamsikia ukutani akizungumza na upande wa kitanda usiokuwa na mtu, akimsimulia mambo ya siku. Wiki ile nilihama, nikisema kwetu wananitaka.

Miaka yote iliyofuata nilikwenda Bofu kila mwezi. Nilimshika mkono kumpeleka msikitini, nikamsomea barua, nikakaa naye barazani tukala mbaazi, na kila mara nilipokuwa nikitoka Jomvu nilikuwa nimeapa kwamba leo nitasema. Na kila mara akianza yeye kunihadithia jambo la kuchekesha, naghairi. Wakati mwengine nilimkasirikia yeye, Mungu anisamehe. Kwa nini hakunitukana? Angenitukana mara moja, nami ningelia, tungemaliza. Alikuwa akijua kila kitu na akinikaribisha chai. Najua alikuwa akijua, kwa sababu ya siku ile ya hospitali.

Ilikuwa wiki ya tatu baada ya mlipuko, hospitali ya kisiwani, wodi ndefu yenye harufu ya dawa na ya uji wa mtama. Bwana Kipara alikwenda kuchukua maneno ya mgonjwa, nami nikapelekwa kutafsiri, maana nani mwengine? Rama alikuwa amefungwa bandeji kichwa chote, imeachwa pua na mdomo. Bwana Kipara akafungua daftari, akaniambia nimweleze kwanza sheria. Ikiwa fundi aliuliza kabla ya kufanya jambo lile, na mtu wa ofisi akamjibu vibaya, basi kosa ni la ofisi, kampuni itamtunza yeye na mkewe, na huyo mtu wa ofisi atashtakiwa. Ikiwa hakuuliza, kosa ni lake mwenyewe, na hakuna atakachopata. Nilimweleza yote kwa Kiswahili, polepole, sikuacha kitu. Naliapia hilo. Nilipofika "mtu wa ofisi" nikakohoa, nikaendelea. Rama alisikiliza bila kujigeuza. Nje mtu alikuwa akifagia veranda.

"Sikuuliza mtu," akasema.

Bwana Kipara akaniangalia, kalamu iko juu. "Anasema nini?" akauliza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilikuwa na Kiingereza kizuri kuliko karani yeyote upande ule wa maji, na nikamfasiria maneno yale jinsi yalivyo, sikuongeza, sikupunguza. Akaandika, akapiga mstari chini yake, akafunga daftari, akatoka kutafuta gari lake.

Rama akanyoosha mkono hewani mpaka ukanigusa kiwiko. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Vizuri. Nenda basi, yakhe, asije akakuacha."